Ubeti Asiouimba Mwenyewe

Ofisi yetu ya utamaduni pale Mwanza ilikuwa na taipureta moja, meza nne na watu watano, na hakuna hata mmoja aliyejua kucheza ngoma ya kwao. Mimi nilikuwa mpiga chapa, na katika haya nitakayoyasema sijitoi. Kazi yetu ilikuwa kulitafutia taifa fasihi yake. Taifa lilikuwa changa, tuliambiwa, na lilitaka kujijua. Basi kazi hiyo tukapewa sisi, watu wa kumaliza asubuhi nzima tukibishana nani kaficha kijiko cha sukari.

Mkuu wetu alikuwa msomi wa kutoka Bukoba, mtu wa adabu, viatu vyake vinang'aa hata masika. Alipenda kutuambia kwamba historia ya watu imo ndani ya nyimbo zao. Kila aliposema hivyo alikuwa ameshika kalamu ya wino mwekundu.

Siku moja akatangaza kwamba ofisi itatoa kijitabu cha nyimbo za kazi, kigawiwe kwenye sherehe za wakulima. Akatuuliza nani kwao kuna nyimbo. Nikasema bibi yangu, kule Misungwi, anao mmoja mrefu kuliko msafara wa mkuu wa mkoa. Wakacheka, nami nikajiona wa maana.

Ulikuwa wimbo wa kulima. Kabla watu hawajahamishiwa kijiji cha pamoja, miji ya kwetu, yaani kaya, kumi na minne ilikuwa imetawanyika kilimani, kila mmoja na mwenye mji wake na wake zake na ng'ombe zake, na tulilimiana kwa zamu. Majembe yakipanda na kushuka pamoja, wenzako walikuimba ubeti wako. Hawakukusifu. Walikusema. Mmoja aliimbwa kwamba uji anaowapa walimaji unaweza kunawia uso. Mwingine, kwamba ana wake watatu na choo hana. Mwingine alikimbia nyuki akamwacha mkwewe juu ya mti. Mwenyewe hakuruhusiwa kuuimba ubeti wake hata neno moja. Alilima kimya, akimeza. Na kwetu ukisifiwa tu bila kusemwa, ujue watu hao hawarudi tena shambani kwako.

Siku ukifa, walewale waliokulimia ndio waliokuchimbia kaburi, na majembe yaleyale yakakuimbia ubeti wako mara ya mwisho, na aibu zake zote. Aliyezikwa bila ubeti alihesabiwa kuwa mpita njia.

Nilimkuta bibi katika kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama askari wanaokaguliwa. Miji kumi na minne ilikuwa imevunjwa, watu wamechanganywa na wageni, na shamba la kijiji lililimwa kwa filimbi. Hakuna aliyemwimba mtu, maana shamba halikuwa la mtu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

Nikamweleza habari ya kitabu. Bibi hakuwa mtu mpole. Alikuwa na mdomo ambao kilima kizima kiliuogopa, na nilidhani atanifukuza. Akaketi, akakunja miguu, akaniimbia siku mbili, nami nikaandika kwenye daftari la shule. Alipofika kwenye mji wake akanyamaza.

"Wangu siuimbi," akasema. "Nenda kwa mwenzangu kule mwisho wa mstari. Yule ananichukia, ataniimba sawasawa."

Bibi na huyo mwenzake, mama wa mji wa jirani kule kilimani, hawakuwa wakisalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, shamba ambalo sasa halikuwa la yeyote kati yao. Aliuimba ubeti wa bibi akicheka mpaka akaketi chini, nami nikaandika nikifuta machozi ya kicheko.

Nilipoaga, bibi alinishika mkono. "Wanaoujua tunapungua, na hatulimi tena pamoja. Mimi nitazikwa na hawa wageni wa filimbi. Andika ulivyo, usiruke. Siku yangu utawasomea."

Nikaahidi. Ahadi haikunigharimu kitu.

Ofisini tuliuchambua ule wimbo siku nzima, na sijapata kuona watu wazima wakijidhalilisha kwa bidii namna ile. Mkuu alianza na choo. "Hapa tunawaonyesha wageni kwamba mwananchi hana choo," akasema, akakata kwa wino mwekundu. Wake watatu wakakatwa, maana si maendeleo. Uji wa kunawia uso ukawa chakula bora. Mhasibu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika jembe ila kulisogeza lisimkwaze, akatoa hoja kwamba nyuki wabaki lakini mkwe ashuke mtini kwa msaada wa wanakijiji wote. Wakampigia makofi. Watu hao ndio waliokuwa wakilitengenezea taifa kumbukumbu. Walitaka taifa lenye mababu wasiowahi kugombana wala kuona njaa, na ambao hawakuwahi kumcheka mtu. Kwa ufupi, walitaka mababu wanaofanana na barua za serikali.

Tulipofika kwenye ubeti wa bibi, mkuu aliusoma, akakohoa, akanitazama kwa huruma. Hapo ndipo ninapojidharau kuliko ninavyowadharau wao. Sikungoja akate. Niliona aibu ya ushamba wetu ikinipanda usoni, nikasema haraka, "Ndugu, tuweke hivi: mama mchapakazi, nguzo ya taifa." Akaniambia nina kipaji cha uandishi. Nilifurahi wiki nzima.

Nikachapa stensili ya kurudufia kijitabu, nikasahihisha, nikachapa tena, nikasoma kwa sauti mbele ya kamati, kisha nikawafundisha watoto wa shule watakaoimba kwenye sherehe. Maneno yale yalinipita mdomoni mara nyingi kuliko sala. Nilipohamia chumba kule mtaa wa Nyakato nikakuta daftari la bibi chini ya sanduku. Lilikuwa na madoa ya mafuta ya taa, na mkaa ulikuwa umegoma kushika. Nikachana kurasa nikawashia jiko. Kitabu si kipo, nilijiambia.

Bibi alikuja kwenye sherehe. Watoto waliimba vizuri, kwa sauti za kengele, mabega yamenyooka, bila jembe hata moja. Wakubwa jukwaani walitikisa vichwa kwa kuridhika, mkuu wetu akapeana mikono na kila aliyekuwa na mkono. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akiwatazama wale watoto waliomsifu kila mtu.

"Kumbe hamrudi tena," akaniambia. Kisha akauliza gari la Misungwi linaondoka saa ngapi.

Alikufa miaka michache baadaye, wakati ule wa foleni za sabuni, sanda yenyewe tuliipata kwa kubembeleza. Yule mwenzake wa mwisho wa mstari alikuwa ametangulia. Kijitabu chetu kilikuwa kimeshafungia karanga soko zima, na mkuu wetu alikuwa amepanda cheo, akaenda kuokoa utamaduni wa mkoa mwingine.

Wachimbaji walikuwa vijana wa kijiji, wengi hawakuwa wa kilima chetu. Lakini wazee watatu wa miji ile ya zamani walikuja na majembe yao, wakachimba kidogo kwa heshima, wakasimama. Walizijua beti nyingine, huu wa bibi ulikuwa umewatoka. Mmoja akanigeukia.

"Mjukuu, wewe ndiye uliyeandika. Tuanzishie."

Nilisimama ukingoni mwa kaburi nikatafuta. Nilimwona yule mama akicheka mpaka akaketi chini. Niliiona kalamu yangu, niliona hata doa la mafuta kwenye ukurasa. Maneno hayakuwepo. Wazee walikuwa wameshainua majembe, wananingoja.

Nikafungua mdomo, nikaimba, "Mama mchapakazi, nguzo ya taifa."

Majembe hayakushuka. Yule mzee akanitazama kwa upole, akadhani huzuni imenichanganya.

"Huyo simjui," akasema. "Tuimbie wa bibi yako."