Mfuniko wa Mama na Mfenesi wa Mwisho

Enzi zetu Kyela, sufuria nyingi zilichemka zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Akina mama walijua fika mifuniko yao iko wapi: iko shambani, inapaa!

Wenzangu mliokulia kwenye mikakao, mnakumbuka? Mfuniko wa bati usio na kishikio, unaushika ukingoni, unakunja kifundo cha mkono, ukiuachia unapita kati ya miti ukivuma. Uwanja wetu ulianzia nyuma ya jiko, ukakatiza shamba la babu hadi kwenye mfenesi mkubwa kando ya mfereji. Tulikwenda mti kwa mti. Unarusha, unaufuata ulikoangukia, unarusha tena kutoka hapohapo mpaka uguse shina. Aliyerusha mara chache kuliko wote ndiye bingwa. Ila ukiangusha kakao hata moja umetoka, maana babu alizijua kakao zake kuliko alivyotujua sisi wajukuu.

Zawadi ya bingwa ilikuwa kakao iliyoiva. Aliipasua, akafyonza ule utelezi mweupe wa mbegu, sisi tukimeza mate. Jamani, ule utamu! Watoto wa leo wanadhani chokoleti inaota dukani.

Likizo moja binamu yangu Lugano, mtoto wa shangazi wa Matema, alizifyonza kakao zote za ubingwa peke yake. Mikono iliyozoea kuvuta nyavu ziwani ungeiweza wapi? Kila akinishinda alicheka: "Gwe, wewe Atu, rudi jikoni!" Ikafika siku ya mwisho, kesho yake anarudi kwao, nami nikaapa haondoki kabla sijamshinda. Nikachukua mfuniko mkubwa wa mama, ule wa sufuria ya wali.

Siku hiyo nilirusha! Tulibakiza mti wa mwisho tukiwa sawa. Lugano akagusa mfenesi kwa kurusha mara tatu. Mimi nilikuwa nimerusha mara moja tu, lakini mfuniko ulilala nyuma ya mikakao miwili iliyosheheni. Nikigusa shina sasa hivi, nimeshinda. Nikiangusha kakao, nimekwisha.

Ndipo nikasikia, "Atupele! Wali wangu unaishiwa mvuke, mfuniko uko wapi?" Mama huyo, mwiko mkononi. Kabla hajanifikia, kikohozi cha babu kikasikika njiani. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hapazi sauti mbele yake. Mama akazama kwenye migomba, na mwiko wake.

Babu akafika, akaona pindo la khanga, akaigeuzia migomba mgongo. Kisha akaiambia miti kwa sauti kubwa, "Mtoto amalize kurusha. Wali utasubiri."

Nikainama, nikakunja kifundo, nikaachia. Mfuniko ukapita chini ya kakao, ukapinda kushoto, ngwaa! Shina la mfenesi!

Na kutoka kwenye migomba kikapasuka kigelegele. Mama yangu, ambaye hata chafya aliimeza babu akiwa karibu! Kikakatika ghafla. Babu hakugeuka.

"Migomba ya mwaka huu," akasema, "ina furaha."

Akaondoka taratibu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Wali uliungua, tukaula hivyohivyo, na sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Siku hizi sufuria zangu zina mifuniko ya kioo, nani athubutu? Wanangu nimewanunulia visahani vya plastiki vya kurusha, vya rangi nzuri kweli. Wanarusha mara mbili, wanajipiga picha, basi, wamechoka. Sisi tulirusha mpaka giza lituite nyumbani.

Mwezi uliopita niliwapeleka Kyela. Mfenesi bado upo. Nikasimama nyuma ya mikakao, pale pale, nikarusha kisahani. Kikapinda kushoto, kikagonga shina. "Safi, mama," walisema, macho kwenye simu.

Nikageukia migomba, nikasikiliza. Mama ametangulia, najua, lakini nilisikiliza. Upepo ulipita, majani yakatulia.

Basi nikakipiga mwenyewe kigelegele, kirefu, cha kututosha wote wawili.