Kambi Iliyobaki Nyeupe

Jumanne, tarehe 10 Machi 2026. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu, kisha jua likatoka kali, na maji ya ziwa karibu na nchi kavu yakabaki na rangi ya chai ya maziwa. Siku hiyo Selina Mashimba alirudi kazini baada ya msiba.

Selina alikuwa na miaka arobaini na minane, mhudumu wa zahanati moja ndogo upande wa Busisi, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka kwenye daraja la ziwani. Alizaliwa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda alichokuwa akilinda baba yake, akasoma hadi kidato cha nne. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake hapo zahanati ilikuwa kupokea wagonjwa na kuwaandika kitabuni. Mwandiko wake ulisimama wima, kila herufi na nafasi yake, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Tabibu alikuwa akitania kwamba kitabu cha Selina hata ng'ombe angekisoma.

Ukutani, juu ya meza yake, kulikuwa na ramani. Aliichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila: vijiji, barabara, vijito, ziwa. Kila mwisho wa mwezi alihesabu waliokutwa na malaria, na kwa kila mmoja akatia nukta nyekundu mahali anapoishi. Hesabu hizo hizo zilikwenda wilayani zikaingizwa kwenye kompyuta, na huko ndiko walikoamua vyandarua viende wapi, na wapuliziaji wa dawa ukoko, ile dawa ya ukutani inayoua mbu, waanze kijiji gani. Wageni waliofika waliipiga picha ramani hiyo. Selina hakujisifu, ila siku hizo alichelewa kufunga ofisi.

Kwenye ramani, Nyakabanga, kijiji cha mlimani, kilikuwa chekundu kama kidonda. Mchangani, kambi ya wavuvi wa dagaa kando ya matete, ilikuwa nyeupe. Nukta zake ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mtoto aliyezikwa alikuwa Evelina, miaka mitatu na nusu, binti wa Suzana, mdogo wa pekee wa Selina. Mama yao alifariki Suzana akiwa darasa la pili, na Selina ndiye aliyemlea mpaka akamwoza kwa Chenge, mvuvi ambaye baba yake ana mji, yaani boma la ukoo, Nyakabanga. Chenge na Suzana walikuwa wamekaa Mchangani mwaka wa tano sasa, mume majini, mke kwenye chanja za kuanikia dagaa. Homa ilimpata mtoto Jumanne ya wiki iliyotangulia. Jumatano akaanza degedege. Alhamisi asubuhi alifikishwa zahanati macho yamegeuka. Tabibu akamchoma sindano, Selina akaandika, gari likaitwa. Lilipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa. Wakampandisha Nyakabanga, akazikwa Ijumaa nyuma ya nyumba ya babu yake.

Basi Jumanne hiyo, saa nne, akaingia Lukman, mwanamume wa Nyamagana mwenye maneno mengi, msimamizi wa wapuliziaji. Alikuja kuomba maji ya kusafishia pampu.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Lukman akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaitazama ramani. "Mama Selina, nikuulize kitu, usinicheke. Kule juu tunamaliza leo, nyumba mia mbili na kitu. Mbu niliowaona wanaenea kwenye kiberiti, na njiti zikabaki humo humo."

"Si mmepuliza? Wamekufa."

"Nasema kabla ya kupuliza. Kule ni mawe na upepo. Dimbwi hakuna, hata la bata kuoga. Sasa wagonjwa wote hawa wa Nyakabanga wanaumwa malaria ya mawe?"

Selina akacheka kidogo, kwa adabu. Kisha akafungua kitabu, na kicheko kikaishia hapo.

Ni lazima ieleweke desturi ya watu wa pale. Ukimuuliza mtu wa kambini kwao ni wapi, hatakutajia kambi. Anaweza kukaa kambini miaka kumi, akazaa huko, akazeeka huko, lakini kwao ni kwenye mji wa baba yake, yalipo makaburi ya watu wake. Kambi ni mahali pa kazi. Kumwandika mtu kuwa ni wa kambini ni sawa na kumwambia kwamba hana asili, katupwa tu na mawimbi. Mwaka wake wa kwanza Selina alimwandika hivyo mzee mmoja, na mzee akaweka kidole juu ya kitabu akasema, "Mama, futa. Mimi ni mtoto wa watu." Akafuta. Tangu hapo aliwauliza wote, "Kwenu wapi?" akaandika walivyojibu, na aliona kwamba anawaheshimu. Waliosema Ukerewe au Geita walihesabiwa wapita njia, hawakutiwa nukta popote. Waliosema Nyakabanga, na walikuwa wengi, walitiwa Nyakabanga.

Alishuka na kidole safu kwa safu. Juma. Ng'wandu. Mke wa Luhende. Alizijua sura zao. Wengine alinunua dagaa kwao. Akageuza ukurasa, akakuta mwandiko wake ule ule mzuri: Evelina Chenge, miaka 3, makazi: Nyakabanga.

Hapo hakuna aliyekuwa amemjibu. Suzana alikuwa akilia mlangoni, hakuulizwa lolote. Mkono wa Selina uliandika peke yake kwa mazoea, na mtoto yule hakuwahi kulala hata usiku mmoja Nyakabanga mpaka walipomlaza kaburini.

Mwezi wa kwanza vilikuja vyandarua. Vilifuata ramani. Nyakabanga kila nyumba ilipata. Mchangani hawakupata hata kimoja.

"Lukman," akasema, "dawa imebaki?"

"Ya nyumba sitini hivi. Kesho asubuhi tunapakia tunarudi mjini."

"Isipakiwe kwanza."

Alimpigia simu mratibu wa malaria wa wilaya, Bwana Yeremia, mtu asiyependa mambo ya haraka. Akamweleza bila kuzunguka: nukta za Nyakabanga si za Nyakabanga, ni za Mchangani, na aliyezikosea ni yeye. Upande wa pili ikasikika kalamu ikigongwagongwa mezani.

"Mama Selina, ramani yako ndiyo tunayowaonyesha wenzako."

"Najua."

"Siwezi kuhamisha timu kwa maneno ya simu. Nataka majina ya Januari mpaka leo, na kila mmoja alilala wapi usiku alipoanza kuumwa, na mtu anayewajua athibitishe. Nipate kabla ya saa kumi na mbili jioni. Vinginevyo ni awamu ijayo, mwezi wa kumi."

Mwezi wa kumi. Na mvua za masika ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza.

Akafunga kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, akateremka Mchangani kwa miguu. Shimba, mwenyekiti wa kambi, alikuwa akishona wavu chini ya turubai. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kambi hii ina mabanda tisini na moja," akasema, "na hakuna mwenyeji hata mmoja. Mimi mwenyewe mgeni, mwaka wa kumi na sita."

"Basi nisaidie, mgeni. Nani alilala wapi?"

"Najua mitumbwi. Watu wa mabandani anawajua mdogo wako, ndiye anayegawa zamu za chanja. Nani amehama, nani ana mgonjwa, yote yamo kichwani mwake." Akakata uzi kwa meno. "Lakini yuko juu, kwenye matanga."

Selina alijua kabla hajaambiwa. Alikuwa ametumaini tu kwamba patakuwa na mtu mwingine. Kuitoa kambi kwenye weupe kulitaka Suzana aisome ile safu ya makazi, na akishaisoma angejua ni kalamu ya nani iliyovipandisha vyandarua mlimani. Angeweza kunyamaza. Timu ingeondoka, mwezi wa kumi angeanza kuandika vizuri, na hakuna ambaye angefukua ya nyuma. Alisimama mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, akitazama watoto wawili wakirushiana matope kwenye shimo la mchanga lililojaa maji. Kisha akaita bodaboda.

"Nyakabanga, mayu? Na utelezi huu?" akasema dereva. "Ukianguka usiseme nilikuangusha, sema tulianguka."

"Twende."

Walifika saa tisa na nusu. Nyumba ya baba yake Chenge ilikuwa na michirizi ya dawa iliyokaukia ukutani, na wanawake wamekaa nje kwenye mikeka. Suzana alikuwa katikati yao, kajifunga khanga kifuani, miguu kainyoosha. Selina alimwamkia mama mkwe wa Suzana, bibi mwembamba aliyeitwa Kashindye, akakaa. Akaomba waachwe wawili, lakini bibi hakuinuka, na Selina hakuona haki ya kumwinua. Akasema yote mbele yake.

Alipomaliza, Suzana aliuliza, "Vyandarua vya mwezi wa kwanza vilikuwa vya kwetu?"

"Vilikuwa vya kwenu."

Bibi Kashindye akainuka polepole, akaingia ndani, akatoka na vyandarua vitatu, bado vimo kwenye mifuko yake, havijafunguliwa. Akaviweka mkekani.

"Niliwawekea," akasema. "Nilipoandikisha nyumba niliwataja na nyinyi. Nikasema wakija kwao watavikuta."

Kuku akapita juu ya mkeka, akafukuzwa. Suzana alikigusa chandarua kimoja kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto, akakisukuma pembeni.

"Dada," akasema, "mimi ulinifundisha kuandika wewe."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanichapa nikikosea mstari."

"Nilikuwa nakuchapa."

"Ulikuwa unakuja kambini kila Jumapili. Umelala kwangu. Umeumwa na mbu kwangu, ukajikuna mpaka asubuhi, ukasema Mchangani mnafuga mbu."

Selina aliinamisha kichwa. Alikuwa amesema hivyo hivyo, na walikuwa wamecheka.

Suzana akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Kalamu unayo?"

Wakaanza. Selina akisoma jina, Suzana akijibu bila kumtazama, sauti kavu, kama anayegawa zamu. Huyu banda la karibu na matete. Huyu pia. Huyu kweli alikuwa Nyakabanga, alipanda kuvuna. Huyu alilala mtumbwini. Huyu alikwisha kufa, hamkusikia? Alipelekwa kwao Magu. Kati ya majina sabini na mawili, sitini na manne yalihamia Mchangani. Walipofika ukurasa wa mwisho, Selina aliacha jina moja, akageuza karatasi.

"Usiruke," Suzana akasema.

"Suzana..."

"Soma kama ulivyowasoma wengine."

Selina akasoma. Evelina Chenge, miaka mitatu.

"Mchangani. Banda la tatu kutoka mwaloni, alilala ukutani, upande wa matete." Akaingoja kalamu mpaka ikasimama, kisha akachukua kitabu, akaandika jina lake chini kuwa ndiye aliyethibitisha. Mwandiko wake ulifanana na wa dada yake kiasi kwamba mgeni asingewatofautisha.

Selina alizipiga picha kurasa kwa simu, akazituma. Jibu lilikuja saa kumi na moja na dakika arobaini: Imepokelewa. Timu ishuke Mchangani kesho. Mabanda sitini tu, yaanze ya karibu na matete. Akalisoma kwa sauti. Bibi Kashindye akasema ahsante.

Msichana mmoja alikuwa anakuja na birika na beseni, akiwanawisha wanawake mmoja mmoja kwa ajili ya chakula. Alipobakiza watu wawili kuwafikia, Suzana alisema kwa sauti ya chini, ya mkekani tu:

"Dada, maji yakifika hapa wewe usinawe. Nenda zako kabla."

Kwenye matanga ya pale, anayekula na wafiwa ndiye ndugu. Selina alifunga kitabu, akamuaga bibi, akainuka. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akimngoja alimtazama usoni, akawasha pikipiki. Waliteremka taratibu, wakianguka mara moja, na hakuna aliyesema nani alimwangusha nani.

Asubuhi yake, Jumatano, Selina alikuwa Mchangani saa moja kamili. Kabla ya kupuliza ni lazima vyombo vyote vitolewe nje, na kila mwenye banda alikuwa akitoa vyake, akilalamika kuhusu harufu na kuhusu godoro la jirani. Banda la Suzana lilikuwa limefungwa kwa waya. Selina aliufungua. Akatoa masufuria, ndoo, kitanda cha kamba, karabai, gunia la dagaa wakavu. Akatoa kandambili ndogo za bluu, akaziweka juu ya kitanda, halafu akaona zitaonekana na wapitao, akazifunika kwa shuka.

Lukman alikuja na pampu mgongoni na kadi mkononi. "Hapa wanalala wangapi, mama?"

"Wawili," Selina akasema.

Lukman akaandika, akaingia, akapuliza kuta zote nne. Selina alikaa juu ya ndoo kwa muda wa saa mbili akingoja dawa ikauke. Kisha akafagia mbu na mende waliokufa, akawafukia mbali na maji kama walivyoagizwa, akarudisha vyombo kila kimoja pale alipokikuta, akaufunga mlango kwa waya, akaenda kumsaidia mke wa Luhende kutoa vyake.