Mwasumini Usioguswa na Mkasi

Usiku ule nililala nina kinyongo na marehemu, jambo ambalo mtu hulitubia hata kabla hajalisema. Marehemu mwenyewe ni Bi Mwanaisha, bibi yangu aliyenilea, aliyekuwa akitunga vikuba, vile vishada vya asumini vya maharusi, mtaani kwetu. Asumini zake zilikuwa nyeupe pe na hazikuwa na msimu. Nilipoolewa alinipa kipande cha mwasumini wake pamoja na wasia: “Uweke kivulini, na usiuguse kwa mkasi. Mwasumini ukikatwa hununa.”

Nikashika. Miaka ishirini na mbili nimeutia samadi, nimeumwagilia, nimeutandia turubai usipigwe na jua. Ulitoa majani ya kulisha mbuzi. Maua yalikuwa mawili matatu, kama sadaka ya bahili. Kila nilipohitaji kikuba nilirudi kwa Bibi, naye alinipokea kwa chai na kicheko. “Hukujaliwa mkono wa kupanda, mjukuu wangu.” Mimi nami nikaamini.

Sasa binti yangu Rehema alikuwa anaolewa, imebaki miezi mitatu, na nilikuwa nimemwahidi kikuba cha maua ya uani kwangu. Jioni ile Shangazi Tatu, binti yake Bibi, alikuja kutuona, akautazama mwasumini wangu, akacheka.

“Kumbe huukati? Mbona mama alikuwa akiukata wake kila maua yakiisha, asubuhi na mapema, mlango kaufunga! Na ulikuwa juani kutwa.”

Nilikuwa nimesalitiwa na mtu niliyemwosha maiti yake kwa mikono yangu hii.

Ndipo nikaota niko uani kwake. Kuta ni zile zile za chokaa, lakini juu yake ni dari la chumba changu. Bibi amechutama mbele ya mwasumini, kanga kaifunga kifuani, anakata. Matawi yanaanguka wala hayatoi sauti. Nageuka, tumekwisha kuwa jikoni, na matawi bado yanaanguka sakafuni. Mimi ni mtoto wa miaka saba, halafu si mtoto tena.

“Bibi, ulinidanganya.”

Hageuki. “Nilikudanganya.”

Nilitaka akatae, nipate kumgombeza. Kukiri kwake kuliniuma kuliko uongo wenyewe.

“Mimi, Bibi? Mimi wa kufichwa?”

“Ningekufundisha, ungerudi kwangu kufanya nini?”

“Ningekuja kukuona wewe.”

Sasa anageuka. Uso ni ule wa siku zake za mwisho, mashavu yameingia ndani.

“Hukunambia.”

Nataka kumjibu kwamba mambo hayo hayasemwi, yanajulikana, lakini ameshanishika mkono. Anakishika kidole changu, anakiweka kwenye tawi, juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea. Mkono wake una baridi ya maji ya mtungini.

“Hapa,” anasema. “Nawe usimfiche mwanao.”

Nikaamka mto umelowa. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilitoka na mkasi wangu wa vitambaa, nikalivuta turubai chini, nikaanza kuukata mwasumini kwa hasira, huku nalia, kila tawi nikimsema Bibi.

Rehema akatoka, uso hajauosha. “Mama, mbona wauua?”

“Njoo nikuonyeshe.”

Nikamwonyesha jicho lilipo, nikampa mkasi, akakata mwenyewe. Alikata vizuri. Nilimtazama, nikaona namna atakavyokuwa na ua wa nyumba yake, mwasumini wake na vikuba vyake huko mbali kwa mumewe, na kwa mara ya kwanza nikaijua hofu aliyokuwa nayo Bibi. Nusura nimnyang'anye ule mkasi.

“Ukishajua hivi, hutakuwa na shida ya maua yangu,” nilimwambia. “Lakini uje, mwanangu. Uje hivi hivi tu, hata kama huna unalotaka.”

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na homa.

“Mama, kwani ulidhani sitakuja?”

Nikaketi palepale juu ya majani. Ungeniuliza tu, Bibi. Ungeniuliza tu.