Mashine Iliyomkatalia Mama Jokébed

Mama Jokébed anauza maharage pale Mbau, kando ya barabara ya Oicha, na kichwa chake ni kigumu kuliko maharage yenyewe. Ni shemasi kanisani. Kwake ahadi ni deni: akisema atafika saa mbili, saa mbili utamkuta.

Miaka ile ya Ebola alibebwa hadi hospitali ya Beni akiwa hana hata nguvu ya kuuliza. Walimtundikia dawa, wakachoma nguo zake, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Akapona. Tangu hapo alitafuta namna ya kuwashukuru wauguzi kwa zaidi ya maneno.

Basi aliposikia watafiti wanahitaji damu ya waliopona, na kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha, damu itolewe kesho yake saa mbili, alivaa kitenge chake cha Pasaka akapanda pikipiki hadi kituo chao.

Muuguzi Providence alimpa tableti. Ikamweleza yote kwa sauti, kwa Kinande, lugha ya kwao, kisha ikamuuliza maswali ili kujua kama ameelewa. Alipata yote isipokuwa moja: je, anaweza kujitoa katikati ya utafiti? Akabonyeza "hapana". Ukurasa wa kuweka kidole kama sahihi ukagoma kufunguka. Akarudia. "Hapana" tena, na tena ukagoma.

"Hii mashine inanikatalia!" Jokébed alifoka. "Nitoe neno, kisha nirudie nyuma? Biblia inasema ndiyo yetu ikuwe ndiyo. Inataka nikuwe muongo?"

"Hapana, mama. Haiulize kama utaacha," Providence alisema taratibu. "Inauliza kama kuko mutu wa kukukataza. Ukiacha, hapana mutu atakukasirikia, na siku ukiugua, dawa utapata tu."

Jokébed aliikumbuka mikono iliyombeba. Ilimwokoa, na ataibariki mpaka kaburini. Lakini siku ile aliogopa sana, na hakuulizwa. Leo kitu hiki kidogo kilikataa hata tone moja la damu yake kabla hajajua kwamba mlango uko wazi. Machozi yakamtoka, machozi ya shukrani, wala hakuyaficha.

"Donc, basi, kesho nikikataa, nitaenda kwangu?"

"Utaenda, mama. Na tutakusindikiza."

Akabonyeza "ndiyo", akaweka kidole. "Wasingya," alishukuru. "Sasa hii damu naitoa miye mwenyewe."

Kesho yake, saa mbili kamili, alikuwa mlangoni, mkono wa blauzi amekwisha kuukunja.