Kidole Gumba cha Msasa

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala asiyejua kutulia. Tulimpachika jina la Msasa kwa sababu hawezi kugusa kitu kinachokwaruza akakiacha hivyo. Akija kwako kama mgeni, chai itapoa yeye bado anapapasa ukingo wa meza na kuguna. Ananiudhi, lakini akishika randa namvulia kofia.

Ndiyo maana patasi ilipompasua kidole gumba cha kulia, nyumba nzima ilikosa raha. Wiki zikapita, kidonda hakifungi. Muuguzi wa zahanati akasema wazi: kikiendelea hivi, kidole kitakatwa. Na seremala asiye na gumba atashikaje randa? Dada alilia jikoni. Mimi nilimlaumu muuguzi, nikalaumu dawa, hata maji ya bomba.

Siku niliyomsindikiza, muuguzi alifungua bendeji akakunja uso.

"Kaka, hiki kidonda unakifanyia nini?"

"Nakisafisha tu kila asubuhi. Kinaota vinyama vyekundu, vimekaa ovyo ovyo. Navisugua kwa kitambaa mpaka panakuwa laini."

Nilitamani kumzaba kibao, shemeji au si shemeji.

Muuguzi akavuta kiti. "Sikia, kaka. Ulipojikata, chembe nyeupe za damu zilikimbilia hapo kula vijidudu na uchafu. Ule uvimbe na joto ndiyo kazi yake. Zikishasafisha, nyingine hubaki kuita nyama mpya na mishipa ya damu. Hivyo vyekundu unavyovisugua ndiyo kidole chako kinajengwa. Kila asubuhi unabomoa, zinaanza upya."

"Kumbe mafundi wapo kazini," Msasa alisema polepole.

"Wapo. Wewe ndiye unayewaharibia."

Akakatazwa kugusa. Loo, balaa! Alizunguka karakana, akahamisha mbao zilezile huku na huku, akagombana na redio. Jioni alijikuta ameshashika ncha ya bendeji. Akamwendea dada, akampa mkono wa kushoto, ule mzima.

"Mama watoto, nishikie huu. Usiuachie."

Dada akaushika, jioni baada ya jioni, mboga zikiungua.

Kidonda kikafunga, kikaacha kovu nene lililopinda. Msasa alilitazama.

"Finishi mbovu kabisa," alisema. "Ningekuwa bosi wao, ningewafukuza wote."

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Hakuligusa kovu. Alinyoosha mkono, akachukua randa.