Vidole vya Haidar

Hebu mtie machoni Haidar anavyoshuka basi huko Conghua, mji mkongwe wa chemchemi za maji moto, kaskazini ya Guangzhou. Kanzu imepigwa pasi, mikono kaificha mifukoni kama aliyeiba kitu. Nyuma yake mkewe, Mwatima, kabeba mataulo na chupa ya chai.

Ni Waunguja hawa, hununua nguo katika maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, Guangzhou, wakazipeleka nyumbani. Kule sokoni mtu akitilia shaka kitambaa alikuwa akimletea Haidar. Yeye alifumba macho, akakisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, akasema hii pamba, hii imechanganywa, hii itachujuka. Hakosei. Basi kisukari kikamwingia vidoleni, vikafa ganzi. Majuzi kapitisha mzigo mzima kuwa pamba, kumbe nailoni, na wenye maduka Darajani, kule Unguja, wakaukataa. Akaapa kwamba vidole visipoamka, biashara anaiacha. Abdulsamad, anayewasafirishia mizigo, ndiye aliyewaambia maji ya Conghua yamewafaa wengi.

Sasa yumo birikani, maji kifuani. Mwatima amekaa ukingoni na buibui lake, katia miguu tu, na hata hiyo anaitoa kila mara kwa ukali wa moto. Mumewe katulia tuli.

"Wamenitia nipikike kama pweza, Mama Hasna, na mpaka sasa sijaiva."

Mwatima alicheka, hadi alipoona ngozi ya mikono ya mumewe ilivyoanza kuvimba, na mwenyewe hana habari. Mhudumu akaja mbio kumwashiria atoke.

Jioni walitembea nje ya mji, kwenye mashamba ya laichi, tunda ndugu wa shokishoki ila halina nywele, na ganda lake linakwaruza. Njia nzima Haidar alikuwa akisimulia anavyosikia damu inatembea vidoleni. Mwanamke mwenye shamba akawapa kishada. Mwatima akamwomba mumewe afumbe macho kama afanyavyo sokoni, afungue kiganja. Akamwekea laichi moja. Akangoja kidogo, kisha akaiondoa taratibu.

"Unaisikia, Baba Hasna?"

Haidar alikutanisha kidole gumba na cha shahada, akasugua hewa.

"Naisikia. Linakwaruza hili ganda. Alhamdulillahi. Kesho turudi Guangyuan, nikachague nguo za Idi kwa mkono wangu."

Tunda liko kwa Mwatima, kalibana kifuani, na ganda linamchoma kiganja. Mbele yake mumewe kasimama chini ya milaichi, macho kayafumba bado, uso umemkunjuka kwa furaha ambayo hajaiona tangu ganzi ilipoanza.

Ungekuwa wewe ni Mwatima, ungemwambia afumbue macho?