Mashine Aliyochaguliwa Jerusa

Pale Londiani, miaka ile ya tisini, ukiuliza fundi wa redio ulielekezwa kwa Jerusa. Ukishangaa kwamba ni mwanamke, ulishangaa ukiondoka, maana hakuwa na muda wa kushangaliwa. Alichuma chai Kericho mpaka mgongo ukakataa kikapu. Mumewe akamfundisha kuchomelea nyaya, kisha akafa akamwachia chuma cha kuchomelea mkononi.

Kilichomlisha hasa ni viboksi vya fensi ya umeme. Huko watu hulima viazi na kufuga ng'ombe shamba moja, na ng'ombe hana habari ya mpaka. Ndani ya kila kiboksi mna kibao cha shaba, na vibao alijitengenezea mwenyewe. Mchoro wa njia za umeme aliutoa fotokopi kwenye karatasi ya kalenda inayong'aa, akaulaza juu ya shaba, akapiga pasi mpaka wino uhamie. Halafu kibao kikaingia kwenye dawa, dawa ikala shaba yote ambayo wino haukuifunika.

Shida ilikuwa pasi. Pembeni inaunguza, katikati inaruka. Mistari ikakatika, vibao vikaenda jaani, na wakulima wakaanza kununua viboksi vya Nakuru.

Siku moja, kwenye duka la fotokopi, Jerusa aliona kadi ya kanisa ikipita kwenye mashine ya kulaminisha, katikati ya roli mbili za mpira zenye moto, zinazobana sawasawa.

"Hiyo ndiyo pasi yangu!" alisema. Mwenye duka akaifunika mashine kwa mkono, kama anayekinga chakula na nzi.

Basi Jerusa akauza mtamba wake, uzao wa ng'ombe aliyepewa na mama yake siku ya arusi. Alikuwa tayari kwenda Nakuru kununua mashine mwenyewe, ila mdogo wake Weldon akamzuia.

"Dada, wakikuona na hiyo leso watasema ni mama wa viazi. Watakuuzia takataka. Niachie mimi, nataka kukusaidia."

Jerusa alimlea huyo Weldon mama yao alipokufa. Alimbeba kifuani huku mgongoni ana kikapu cha chai. Ungekuwa wewe, ungemkatalia?

Akamfungia kibao kimoja kwenye kitambaa. "Usiulize bei kabla ya kupitisha hiki. Mashine nyingi zinameza karatasi tu. Mdomo ukikikataa, toka. Kikipita na kisichome vidole, toka pia."

"Nimesikia, dada."

Alirudi jioni na mashine nyeupe inayong'aa kama meno ya muuza dawa.

"Ulipitisha kibao?"

"Nilipitisha! Kilipita kama maziwa ya mursik kooni."

Akamrudishia kitambaa. Jerusa akakishika, akaligeuzageuza fundo. Lilikuwa bado lile alilofunga yeye, fundo la kufungia kikapu cha chai, ncha imechomekwa upande wa kushoto, kwa sababu Jerusa ni wa mkono wa kushoto.

"Weldon, hili fundo amefunga nani?"

"Mimi. Nani tena?"

"Wewe? Wewe hujawahi kubeba hata kikapu cha mayai!"

Akalifungua, akapeleka kibao kwenye mdomo wa mashine. Kikagonga, kikakataa. Akageuza upande wa pili, kikakataa.

Weldon akajikuna shingo. "Basi isikae bure, dada. Nitaiweka kule kwangu kidogo, nilaminishe vyeti vya watu..."

Hajamaliza, Onyiego mchora mabango akachungulia mlangoni.

"Weldon, mbona huchukui bango lako? Limekauka tangu wiki jana. Nimekuandikia VYETI kwa rangi nyekundu vile ulitaka."

Wiki jana. Mtamba alikuwa bado yuko zizini, akimlamba Jerusa mkono.

Hakupiga kelele, na wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kuogopa. Alisema tu, "Toka, nifunge mlango."

Asubuhi aliifunga mashine ndani ya leso yake ileile ya mama wa viazi, akachukua na kibao ndani ya kitambaa kilekile, akaenda Nakuru. Muuzaji akakitambua kitambaa kabla hajamtazama mtu.

"Kijana aliyenunua mashine hii alikuwa na kitambaa hicho, hata hakukifungua. Nikakipapasa, nikamwonyesha mashine inayomeza kitu kinene. Akasema hapana, anataka ya vyeti."

Akamtolea hiyo nyingine kutoka chini ya meza: nzito, ya kijivu, mbaya kama jiwe la kusagia. Jerusa akapitisha kibao mwenyewe. Kikaingia polepole, kikatoka upande wa pili, naye akakidaka kikamchoma vidole. Wakabadilishana.

Vibao vyake vikawa safi, na wakulima wakarudi. Weldon naye alirudi, kichwa chini, akaomba msamaha. Jerusa akamwekea chai na viazi, akamuuliza habari za watoto. Ni ndugu yake, angemfanya nini?

Mteja akaita nje. Jerusa akainuka kwenda kumsikiliza. Ufunguo wa chumba cha mashine ulikuwa msumarini, mahali ulipokaa miaka yote. Akautoa, akaufunga kwenye pindo la leso mbele ya Weldon, kwa fundo la kikapu, ndipo akatoka.